Waandike kwanza, ndipo wamchukue

Tangu kesi ya kaka yangu ianze kuzungumzwa, nimepokea ujumbe mwingi wenye swali moja: inakuwaje dada wa marehemu akubaliane na serikali ya kigeni inayokataa kumrudisha mtuhumiwa mpaka ipewe ahadi ya maandishi kwamba hatanyongwa? Wapo waliouliza kwa upole. Wapo walioniambia nimeuza damu ya ndugu yangu. Nimeona nijibu hapa kwa kirefu, maana kujibu mmoja mmoja kwenye simu kumenichosha, na jambo lenyewe halielezeki kwa mistari miwili.

Aliyeshtakiwa kumuua alikuwa mshirika wake kazini. Walikuwa na karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, wakagombana juu ya fedha ya malipo ya awali ya mteja mmoja mkubwa. Kabla hatujaanua matanga, huyo bwana alikuwa keshavuka mpaka. Alikuja kukamatwa katika nchi iliyokwisha kufuta adhabu ya kifo. Sitaitaja nchi hiyo, wala jina lake, kwa sababu shauri bado linaendelea na sitaki neno langu hata moja liwe kisingizio cha mtu yeyote mahakamani.

Habari ya ile ahadi ilipotufikia, kikao cha familia kilichafuka. Baba mdogo alisimama akasema, "Wao wamefiwa na nani hata watupangie?" Vijana wakamuunga mkono. Wifi yangu hakusema kitu. Mama ndiye aliyezungumza mwisho, akasema yeye anamtaka huyo mtu aje, asimame, aulizwe, ajibu. Hayo mengine ni ya serikali. Mimi nilikuwa upande wa Mama tangu dakika ya kwanza.

Kwanza ieleweke kwamba sharti hili halikubuniwa kwa ajili ya kutudharau sisi. Mkataba wa Ulaya wa mwaka 1957 kuhusu kurudishana watuhumiwa, katika kifungu chake cha 11, unasema kwamba kosa likiwa na adhabu ya kifo katika nchi inayoomba, na nchi inayoombwa haina adhabu hiyo kwa kosa hilo au kwa kawaida haiitekelezi, inaweza kukataa kumtoa mtu isipopewa hakikisho la kutosha kwamba hatauawa. Mkataba wa mfano wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 una kifungu kama hicho. Mikataba mingi ya nchi mbili mbili inayo pia. Kwa hiyo afisa anayekaa mezani kuandika ombi la kurudishiwa mtu aliyekimbilia nchi isiyonyonga anajua, au anapaswa kujua, kwamba ataulizwa.

Pili, ahadi zenyewe si za aina moja, na hapa ndipo watu wengi hawaangalii. Kuna ahadi ya kutomfungulia kabisa shtaka lenye adhabu ya kifo. Kuna ya mwendesha mashtaka kwamba hataiomba adhabu hiyo. Kuna ya serikali kwamba hata jaji akiitoa, haitatekelezwa, itabadilishwa kuwa kifungo. Kila moja ina mtu wake anayeweza kuitimiza. Mwendesha mashtaka hawezi kuahidi kwa niaba ya jaji. Na mahali ambapo kosa la mauaji lina adhabu moja tu ya lazima, mwendesha mashtaka kusema "sitaomba kifo" hakusaidii chochote, kwa sababu jaji hana la kuchagua.

Barua ya kwanza iliyotoka upande wetu ilikuwa ya hovyo. Nimeisoma mwenyewe. Ilisema kwamba msimamo wa nchi inayoombwa umepokelewa na utafikishwa mbele ya mahakama itakayosikiliza shauri. Basi. Hakuna mahali ilipoahidi kitu. Ilirudishwa, na miezi ikapotea, na ofisi iliyoiandika haikutuambia hata kwamba imerudishwa. Tulijua kwa wakili. Nilikasirika kuliko nilivyokasirika siku tuliyosikia sharti lenyewe, kwa kuwa kosa la namna hiyo lilikwisha kufanywa na wakubwa zaidi, hadharani, na uamuzi wake unasomwa na kila anayesomea sheria ya mambo haya.

Nazungumzia kesi ya Jens Soering. Kijana wa Kijerumani, mtoto wa mwanadiplomasia, aliyetuhumiwa kuwaua wazazi wa mpenzi wake huko Virginia, Marekani, mwaka 1985 akiwa na miaka 18. Alikamatwa Uingereza mwaka 1986. Marekani ikamtaka. Uingereza ikaomba hakikisho, na ilichopewa ni kiapo cha mwendesha mashtaka kwamba wakati wa kutoa adhabu, jaji ataelezwa kuwa Uingereza isingependa kifo kitolewe. Serikali ya Uingereza iliona inatosha. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Julai 1989, ikasema haitoshi, na kwamba kumtoa katika hali ile kungekuwa ni kuvunja marufuku ya mateso na unyama.

Kilichonishika katika hukumu ile ni kwamba majaji hawakuishia kwenye kanuni. Waliingia mpaka ndani ya gereza. Waliandika kwamba seli ya anayesubiri kuuawa katika gereza la Mecklenburg, huko huko Virginia, ilikuwa mita 3 kwa mita 2.2. Kwamba alikuwa akipata saa saba na nusu hivi kwa wiki za kutoka nje wakati wa kiangazi, na saa sita wakati wa baridi, hali ya hewa ikiruhusu. Kwamba siku 15 kabla ya tarehe anahamishiwa jengo lililo ubavuni mwa chumba chenye kiti cha umeme, anaangaliwa saa 24, yuko peke yake, ndani ya seli hamna taa ila za nje hazizimwi kamwe. Na kwamba mtu anayekata rufaa anaweza kupelekwa kwenye jengo hilo na kurudishwa, zaidi ya mara moja. Muda wa wastani wa kusubiri ulikuwa miaka sita mpaka minane. Hayo yote, pamoja na umri wa kijana yule na hali ya akili yake wakati wa tukio, ndiyo yaliyoamua kesi. Adhabu ya kifo yenyewe, wakati ule, ilikuwa bado haijapigwa marufuku moja kwa moja na mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya.

Nasoma mistari hiyo nikimfikiria mtu ninayeamini ndiye aliyemuua kaka yangu, na bado siwezi kusema, "mpelekeni." Kumfunga sawa. Kumnyima uhuru mpaka azeeke, sawa. Lakini kumpeleka na kumrudisha kando ya chumba cha kuulia kwa miaka minane ni kitu kingine, na serikali inayomkabidhi mtu huku ikijua ndicho kinachomngoja haiwezi kunawa mikono kwa kuwa kamba imeshikwa na mwingine.

Na nini kilifuata? Soering hakuachiwa. Marekani iliahidi kutomshtaki kwa kosa lenye adhabu ya kifo, akapelekwa Virginia Januari 1990, akatiwa hatiani mwaka huo huo, akapewa vifungo viwili vya maisha. Alikaa gerezani mpaka alipoachiwa kwa masharti mwaka 2019 na kurudishwa Ujerumani. Virginia yenyewe ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2021. Kwa hiyo anayesema ahadi ya kutoua ni njia ya kumwachia muuaji, aanze kwa kuutazama mfano huu.

Kuna kesi nyingine ambayo kwa sisi wasomaji wa Kiswahili iko karibu zaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, Dar es Salaam 11. Mmoja wa waliotafutwa kwa bomu la Dar es Salaam, Khalfan Khamis Mohamed, alikimbilia Cape Town akaishi kwa jina la uongo. Oktoba 1999 alikamatwa, na haraka sana akakabidhiwa kwa maafisa wa FBI akapandishwa ndege kwenda New York. Hakuna aliyeomba hakikisho lolote, ingawa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikwisha kuifuta adhabu ya kifo mwaka 1995.

Tarehe 28 Mei 2001 mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba serikali ilivunja katiba. Serikali ilijitetea kwamba haikumkabidhi kwa utaratibu wa kurudishana watuhumiwa, ilimfukuza tu kama mhamiaji haramu. Majaji walisema jina la utaratibu halibadilishi kitu: umemtoa mtu mikononi mwako kumpeleka panapoweza kumuua, na hukuomba hakikisho. Wakaagiza nakala ya hukumu ipelekwe haraka mahakamani New York, maana kesi ilikuwa ukingoni. Siku iliyofuata, tarehe 29, wanajopo waliosikiliza kesi walimtia hatiani. Julai walishindwa kukubaliana juu ya kifo, na akapewa kifungo cha maisha bila uwezekano wa kuachiwa mapema.

Sijui niseme mara ngapi: majaji wale hawakusema hana hatia. Hawakusema waliokufa Dar es Salaam ni wachache au hawana thamani. Walisema tu kwamba dola iliyokataa kuua haiwezi kuua kwa mkono wa jirani, hata mtuhumiwa akiwa wa bomu. Hoja ya kumfukuza mtu mlango wa nyuma bado ipo, na ndiyo inayonitia hofu zaidi siku hizi, kwa sababu ukimwita mtu mhamiaji haramu unaruka hatua zote ambazo hakimu angekuzuia.

Canada nayo ilipitia njia ndefu. Mwaka 1991 Mahakama yake ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliruhusu watu wawili warudishwe Marekani bila hakikisho. Miaka kumi baadaye, Februari 2001, katika shauri la Burns na Rafay, mahakama hiyo ikageuka kwa kauli moja: hakikisho ni lazima, isipokuwa katika hali za pekee kabisa. Kilichowageuza zaidi ni watu wasio na hatia. Katikati ya hukumu waliorodhesha Wacanada waliofungwa kwa mauaji na baadaye ikaonekana siyo wao. Donald Marshall alikaa gerezani miaka 11. David Milgaard alikaa 23. Wangekuwa katika nchi inayonyonga, nani angewafungulia mlango?

Hili Baba mdogo hapendi nilitaje, ila nitalitaja. Anayerudishwa, mara nyingi, bado ni mtuhumiwa. Mimi naamini ninavyoamini juu ya mshirika wa kaka yangu, na nina sababu zangu, lakini imani yangu si ushahidi. Nataka mahakama ipime. Ikikosea, nataka pawepo na mtu hai wa kuombwa radhi.

Sasa nije kwenye hoja ngumu, ile ambayo sina jibu jepesi kwake. Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, aliniuliza: vipi kuhusu aliyeua na kubaki nyumbani? Mwenye nauli na hati ya kusafiria anakimbia, anakamatwa ughaibuni, anaandikiwa ahadi, anaishi. Maskini aliyekamatwa kijijini kwake ananyongwa. Ni kweli. Huo ni uonevu, na siupambi. Ila dawa yake siyo kumnyonga na yule wa kwanza.

Rwanda ilionyesha dawa. Novemba 1994, Baraza la Usalama lilipounda mahakama iliyokuja kukaa Arusha, Rwanda ndiyo nchi pekee iliyopiga kura ya kupinga, na sababu yake mojawapo ilikuwa hii hii: waliopanga mauaji ya kimbari watahukumiwa Arusha ambako adhabu kubwa ni maisha, wakati wadogo wao nyumbani wanaweza kuuawa. Na kweli, Aprili 1998 watu 22 waliohukumiwa nyumbani Rwanda kwa mauaji hayo walipigwa risasi hadharani. Halafu ikaja haja ya kuwapata watuhumiwa waliokuwa Arusha na Ulaya na Amerika, na hakuna aliyekuwa tayari kuwatoa. Machi 2007 Rwanda ikapitisha sheria kwamba watakaohamishiwa kwake hawatapewa adhabu zaidi ya kifungo cha maisha. Julai mwaka huo huo ikaifuta adhabu ya kifo kwa wote, aliyekimbia na aliyebaki. Mahakama ya Arusha haikuridhika mara moja, ilikuwa na maswali mengine, lakini mwaka 2012 ilimkabidhi Jean Uwinkindi akahukumiwe Kigali. Kama kuna nchi ambayo ingeweza kusema "machungu yetu ni makubwa mno kuweka ahadi kama hiyo," ni Rwanda. Ilipima kati ya kunyonga na kuwapata washtakiwa, ikachagua kuwapata.

Linganisha na kilichotokea baina ya Botswana na Afrika Kusini. Wanaume wawili, kila mmoja kwa kesi yake, walituhumiwa kuwaua wanawake waliokuwa na uhusiano nao nchini Botswana, wakakimbilia Afrika Kusini. Afrika Kusini iliomba hakikisho. Botswana ikakataa kulitoa. Serikali ya Afrika Kusini ikataka kuwafukuza hivyo hivyo, na Julai 2012 Mahakama ya Katiba ikasema hapana, mpaka ahadi itolewe. Mauaji yenyewe yalifanyika nchi nyingine, kwa hiyo kumshtaki mtu Afrika Kusini hakukuwa jambo la kuamka na kulifanya.

Wafikirie ndugu wa wanawake wale. Hakuna kizimba, hakuna shahidi aliyeapishwa, hakuna siku ya hukumu. Watu wengi wakisoma habari hiyo huilaumu mahakama. Lawama yangu mimi inakwenda kwa serikali iliyokuwa na uwezo wa kuandika karatasi moja na kumpata mtuhumiwa, ikaona heri imkose kuliko kuahidi kutomnyonga. Mfiwa anapewa nini hapo? Haki ya kunyonga ambayo haitatumika kamwe, kwa sababu mwenye kunyongwa hayupo.

Ndiyo maana nasema sisi wafiwa ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kuidai ile barua, tena mapema, tena iliyoandikwa vizuri. Sio mimi niliyelianzisha hili. Raia wa Marekani walipotekwa na kuuawa na kundi la Dola la Kiislamu huko Syria, wawili kati ya walinzi wao, Alexanda Kotey na El Shafee Elsheikh, waliokulia London, walikamatwa mwaka 2018. Ushahidi mwingi ulikuwa mikononi mwa Uingereza. Mama yake Elsheikh alifungua kesi, na Machi 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema serikali ilikosea kisheria kuutoa ushahidi huo bila hakikisho la maisha yao. Kila kitu kikakwama. Waliojitokeza kukikwamua ni wazazi wa Wamarekani wanne waliouawa, wakiwemo wazazi wa mwandishi wa habari James Foley. Waliiomba serikali yao hadharani iachane na adhabu ya kifo ili ushahidi upatikane na kesi isikilizwe. Agosti 2020 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliandika ahadi hiyo. Ushahidi ukaja. Kotey alikiri makosa mwaka 2021, na katika makubaliano yake alikubali kukutana na familia za waliouawa zikitaka kumwuliza maswali. Diane Foley, mama yake James, alikwenda, akakaa naye chumba kimoja, akamwuliza. Mwaka 2022 wote wawili walipewa kifungo cha maisha.

Nilimsimulia Mama habari ya Diane Foley jioni moja tukichambua mboga. Aliacha kuchambua. Akaniuliza kama na sisi tutaruhusiwa kumwuliza huyu wetu. Nikamwambia wakili anasema mashahidi wa familia wataitwa, na maswali tunaweza kumpa mwendesha mashtaka, ingawa si lazima ayaulize yote. Siku iliyofuata alimwita mjukuu wake, mtoto mkubwa wa kaka, akamwandikisha maswali kwenye daftari la shule. La kwanza ni kwa nini hakupiga simu kuita msaada, maana kaka alikuwa bado anapumua majirani walipomkuta. La pili linahusu zile fedha. Mengine ni ya mama na mwanawe, sitayaweka hapa.

Barua ya pili imeandikwa na imekubaliwa. Safari hii imesainiwa na mwenye mamlaka ya kuitimiza, na inasema wazi kwamba shtaka halitabeba adhabu ya kifo, na kwamba ikitokea kwa namna yoyote adhabu hiyo ikatolewa, haitatekelezwa. Mtuhumiwa keshaletwa, yuko rumande. Baba mdogo bado anataka anyongwe na anasema hivyo kila tukikutana, lakini ameomba tarehe ya kwanza ya kusikilizwa ili apange ruhusa kazini. Tarehe ikitajwa nitaiandika hapa, kwa wale ambao wamekuwa wakiuliza kama wanaweza kuja kukaa nasi mahakamani.